Kasia au "feni"? Kuvua kwa chombo kidogo pwani ya Dar, kwa mashine ya umeme au bila

Mashine yangu ya umeme ya kusukuma chombo, mjomba wangu huiita feni. Alfajiri tukikutana ufukweni Kunduchi, yeye na kafi lake begani, mimi na betri ya kilo 30 nimeikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa, namwamkia shikamoo. Huitikia marahaba, kisha haniulizii mimi, huulizia feni: "Imekula?" Maana yake imechajiwa?

Yeye ana ngalawa ya mwembe, tanga moja, na kijana wa kumsaidia. Mimi nina kidau cha faiba cha mita 4 na nusu, tezi (nyuma) bapa, na siku nyingi niko peke yangu. Wote tunavua mshipi, na tunavua sehemu zile zile: nje ya mipaka ya hifadhi ya Mbudya, mara nyingine tukishuka hadi usawa wa Mbezi. Nilipiga kasia miaka minne kabla sijainunua mashine. Tangu niinunue tumepita kusi moja na kaskazi moja, yaani msimu wa upepo wa kusini na wa upepo wa kaskazini, yeye bila mashine na mimi nayo, bahari ile ile, mara nyingi asubuhi ile ile. Kwa hiyo ninachosema hapa sikukitoa kwenye karatasi ya dukani.

Swali ninaloulizwa kwanza huwa ni hili: inakimbia? Haikimbii. Kama unatafuta cha kukukimbiza, usome hadi sehemu ya betri tu, kisha ukatafute mashine ya petroli. Swali ambalo ningependa niulizwe ni jingine: unakwenda baharini na nani?

Mtu wa kushika kasia

Anayevua mshipi kwenye mwamba anajua kwamba samaki hawajatawanyika sawasawa kama mchele kwenye ungo. Changu, chewa, hata kolekole akipita, wako ukingoni mwa mwamba, pale jiwe linapoishia na mchanga unapoanza. Ukingo wenyewe unaweza kuwa na upana wa nyumba mbili. Ukikaa juu yake unapata. Ukisogea kidogo unavua mchanga.

Kukaa ndiyo kazi. Maji hayatulii. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Maji yote hayo lazima yapite mahali. Juu ya hapo kuna mkondo mkubwa wa pwani yetu unaokwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi inapovuma huuongezea nguvu. Ukishusha mshipi ukiwa peke yako, dakika tatu nyingi, chombo kimeshachukuliwa. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, inaburuzwa, mshipi unalala mshazari, hujui tena kama aliyegusa ni samaki au jiwe. Unakunja, unashika kasia, unarudi juu ya mwamba, unashusha tena. Katika miaka yangu minne ya kasia, nikihesabu kwa haki, nusu ya asubuhi ilikuwa inakwenda hivyo.

Kuna nanga, ndiyo. Kwenye maji ya mita 20 nanga ndogo haishiki kama hukuachia kamba angalau mara tatu ya kina, yaani mita 60, na ukiachia kiasi hicho chombo kinakwenda kukaa mbali na ulipokusudia. Halafu nanga ikishika kwenye matumbawe, mambo ni mawili: ama unaikata kamba na kuiacha, ama unaivuta hadi tumbawe livunjike. Nimeacha nanga tatu chini ya bahari hii. Ya tatu ilikuwa ya kuazima.

Dawa ya zamani ya tatizo hili ni mtu. Ngalawa ya mjomba ina watu wawili: mmoja ana mshipi, mwingine ana kafi, na yule mwenye kafi hafanyi kingine zaidi ya kutazama alama mbili za nchi kavu, mnazi na mnara, na kukirudisha chombo kila kinapoponyoka. Wakichoka wanabadilishana. Ni kazi ya ustadi na yule kijana anaiweza. Lakini ana sehemu yake ya samaki, na haki yake.

Mashine ya umeme inachukua nafasi ya mtu huyo. Tanga linabaki na kazi yake, wala haishindani na mashine ya petroli. Naiweka spidi ya chini kabisa, omo (mbele ya chombo) ikitazama mkondo, na chombo kinabaki pale pale mkono mmoja ukiwa kwenye mpini na mwingine kwenye mshipi. Zipo za bei kubwa zaidi zinazofungwa omo, zenye kusoma setilaiti, ambazo ukibonyeza kitufe zinakushikilia mahali zenyewe bila nanga na bila kuvunja tumbawe. Yangu si hiyo. Yangu ni ya tezi, ya mkono, na bado kwa kazi hii moja imelipa gharama zake zote.

Ndiyo maana nauliza unakwenda na nani. Kama mko wawili na mwenzako anajua kushika chombo, mashine itakuongezea kidogo sana. Kama uko peke yako, itakurudishia nusu ya asubuhi.

Hesabu ya betri, bila kupamba

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapopita haraka, basi mimi nitakaa kidogo.

Mashine yangu ni ya volti 12, msukumo wa ratili 55, yaani kama kilo 25 za kusukuma. Ikifunguliwa yote inavuta karibu ampea 50. Zidisha: ni wati 600. Nguvu moja ya farasi ni wati 746, kwa hiyo hata farasi mmoja haijafika. Usicheke lakini. Mtu mwenye afya akipiga kasia kwa saa nyingi hutoa wati 75 hivi, akijikaza 100. Feni ikiwa wazi yote ni wapiga kasia sita au zaidi. Ikiwa polepole ni mmoja, ila huyu hasimami kunywa maji.

Betri yangu ni ya asidi, imeandikwa ampea-saa 100. Betri ya aina hii ukitaka idumu usiitoe zaidi ya nusu, basi za kutumia ni 50. Kwa mwendo wa mwisho, ambao shwari ikiwepo ni kama fundo 4 (kilomita 7 hivi kwa saa), hata saa nzima haifiki, kwa sababu betri ya asidi ikinyonywa kwa pupa hutoa pungufu ya ilichoandikiwa. Kwa mwendo wa kati, ikivuta ampea 15 hivi, nakwenda saa tatu. Mwendo wa saa tatu za taratibu unanifikisha mara mbili ya umbali wa ile saa moja ya haraka. Sababu yake ni kwamba chombo kizito ukitaka kikimbie mara mbili, nguvu inayotakiwa si mara mbili, ni karibu mara nane. Na chombo cha mita 4 na nusu kinachokata maji bila kuruka juu yake kina kikomo chake cha karibu fundo 5, hata ukifunga feni mbili.

Sasa linganisha na petroli. Lita moja ina nishati ya kilowati-saa 9 hivi. Mashine ndogo ya petroli hupoteza nyingi kwa joto na moshi, ikabaki moja na nusu hadi mbili za kuzungusha propela. Betri yangu yote ni kilowati-saa 1.2, na nusu ninayoruhusiwa ni 0.6. Yaani mzigo wa kilo 30 nilioukumbatia alfajiri unafanya kazi ya theluthi moja ya lita, chupa ya soda ya petroli. Mjomba nilipomwambia hivyo alicheka hadi akakaa chini.

Kwa upande wa pili, kuirudisha nusu hiyo usiku hakumalizi hata uniti moja ya LUKU, na sisubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, itangaze bei ya mafuta ndipo nijue kama Jumamosi naenda. Ukiwa na paneli ya wati 100 juu ya bati, siku ya jua zuri hukurudishia kama wati-saa 400, basi kwa mtu wa mara moja au mbili kwa wiki inatosha bila umeme wa ukutani.

Betri ya lithiamu ya ampea-saa hizo hizo ina uzito wa kilo 12 hivi, unaweza kuitumia karibu yote, na huchajiwa mara zaidi ya 2,000 kabla haijachoka, wakati ya asidi huhesabiwa kwa mamia. Bei yake ndiyo inayotisha, na inataka chaja yake. Kama ningeanza upya ningeanza nayo, kwa sababu ya mgongo wangu zaidi ya sababu nyingine yoyote. Kitu kimoja usikubali hata ukipewa bure: betri ya gari. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, gari liwake basi. Ukiinyonya polepole hadi chini, miezi michache tu, imekufa.

Na ukichagua mashine, epuka zile za spidi tano za kubofya kama una uwezo wa kupata ile inayoongezwa kwa kuzungusha mpini bila hatua. Zile za spidi tano, kwenye mwendo mdogo, sehemu ya umeme inaishia kwenye joto, na mwendo mdogo ndio unaoutumia saa nyingi kuliko mwingine wote.

Upepo

Kwenye safari yenyewe, feni inashindwa na nguo, yaani tanga.

Alfajiri umande hutoka nchi kavu, upepo mwembamba wa ubaridi unaosukuma vyombo kwenda nje. Mchana nchi ikishika joto, upepo wa bahari hugeuka na kuvileta nyumbani. Wavuvi wa mwambao huu walipanga siku yao kwa pepo hizi mbili tangu enzi na enzi, na gharama yake ni kuamka mapema. Mjomba akitweka tanga saa kumi na moja alfajiri, mimi nikiwa bado nakaza skrubu za mashine, ameshakuwa doa jeupe. Kusi ikikolea mwezi wa saba, ngalawa yake hunipita kama nimetia nanga. Matengo yake mawili, zile mbao za kuelea pembeni, yanamshika, chombo hakilali, na fundo zake huwa nyingi kuliko zangu bila shilingi kutoka.

Ila tanga lina bei yake pia, nayo hulipwa upepo unapokataa. Wakati wa maleleji, kaskazi ikiwa imeondoka na kusi haijaingia, kuna asubuhi bahari inakuwa kama mafuta ya nazi. Siku hizo ngalawa ni gogo, wanapiga kafi jua la saa nne likiwapasua visogo, na mimi napita kimya nikiwa nimekaa. Au upepo unatoka kule kule unakotaka kwenda. Kwa tanga itabidi ubishe, huku na kule, huku na kule, mwendo wa kilomita moja unakuwa tatu. Feni hunyoosha. Lakini dhidi ya kusi kamili, yenye mawimbi mafupi ya kugonga omo, kunyoosha huko kunakula betri mbele ya macho yako, na hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Ilikuwa mwezi wa saba, wiki ya pili ya kuwa nayo. Nilishuka na mkondo kaskazini ya Mbudya bila kuhisi, kwa sababu kushuka na maji hakuna kelele. Kugeuka, kusi usoni, mkondo usoni. Nikafungua yote. Mnazi niliokuwa nautazama ufukweni haukusogea. Dakika kama ishirini na tano nilikuwa nikipiga maji povu mahali pamoja, kisha sauti ya feni ikaanza kushuka, kama mtu anayesinzia. Kasia nilikuwa nayo moja. Moja! Nyingine niliiacha nyumbani kwa sababu "nina mashine". Sikurudi Kunduchi siku hiyo. Nilikata mshazari kuelekea pwani, nikaibukia Ununio, nikalala juu ya mchanga robo saa kabla ya kumpigia simu mjomba. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Feni imeshiba?"

Tangu siku ile nina kanuni mbili. Kasia ni mbili, zimefungwa kwa kamba, mashine iwepo isiwepo. Na asubuhi naanza kwa kwenda upande unaotoka upepo na mkondo, ili betri ikiwa imejaa ndiyo inayopambana, na wakati wa kurudi bahari yenyewe inisaidie. Mtu wa tanga hahitaji kuambiwa hili. Mtu wa feni hulisahau kwa sababu feni humfanya ahisi kwamba upepo haumhusu.

Kubeba

Hili halimo kwenye tangazo lolote. Pwani yetu ni ya kina kifupi. Siku za bamvua maji yakipwa, kati ya mchanga mkavu na maji ya kuelea kuna uwanja mzima wa tope, nyasi za bahari na wanawake wanaookota chaza na pweza. Ukirudi wakati huo umepwelewa. Mtu wa kasia hutia nanga yake ndogo, hubeba ndoo ya samaki na makasia, anakwenda zake. Mimi nabeba samaki, kisha narudi kubeba betri, kisha narudi kubeba mashine, kwa sababu ukiiacha ufukweni usiku asubuhi hutaikuta. Mara tatu katika tope la kifundo cha mguu, na betri ya asidi haitaki kulazwa. Nimejifunza kuangalia jedwali la maji kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Maji husogea kama dakika 50 kila siku, basi ukijua ya leo unajua ya keshokutwa.

Kwa upande wa chombo, uzito huo si hasara tupu. Betri ikikaa katikati, chini, ni farumi nzuri, uzito wa kukituliza chombo. Kidau changu kimetulia kuliko zamani. Ikikaa tezini pamoja na mashine na mimi mwenyewe, omo inainuka, tezi inazama, na wimbi la nyuma linaingia ndani. Vuta nyaya, iweke katikati. Nyaya zenyewe ziwe nene, kwa sababu waya mwembamba wa mita tatu unakula volti na kuwaka moto, na fyuzi iwe karibu na betri. Betri ya asidi iwe ndani ya sanduku lenye mfuniko. Maji ya chumvi yakiingia kwenye betri ya asidi hutoa gesi ya klorini, na hiyo si harufu ya kuvumilia, ni sumu.

Ngalawa na mitumbwi ya kuchonga ina shida ya ziada: tezi yake ni nyembamba, haina pa kukazia. Itabidi fundi atengeneze bao la pembeni. Linafanyika, ila chombo kinasukumwa upande na unakuwa unapigana na usukani.

Chumvi

Mashine nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa maziwa na mito, si bahari. Tofauti haionekani dukani. Inaonekana baada ya miezi minne ya kuitumia, skrubu zinapoota maua meupe na mpini unaanza kukwama. Nunua iliyoandikwa kuwa ni ya maji ya chumvi, hakikisha ina kipande cha zinki cha kuliwa na kutu badala ya mashine, na kila ukirudi isuuze kwa maji baridi ya bomba au kisima. Kila safari kadhaa vua propela utazame nyuma yake. Mshipi wa plastiki hujisokota pale taratibu, unakata mpira wa kuzuia maji, maji yanaingia kwenye mota. Kwa mvuvi wa mshipi hili litatokea. Swali ni kama utaliona mapema.

Kasia haina matatizo haya. Kasia ikivunjika, fundi seremala wa mtaani anakuchongea nyingine, na jioni unaipaka mafuta.

Kimya

Watu husifu sana ukimya wa mashine ya umeme, nami nausifu, ila si kwa sababu wanayoitoa. Wanasema samaki hawashtuki. Kwenye maji ya mita 20 sijaona tofauti yoyote kati ya siku za feni na siku za kasia. Kwenye maji ya kiuno, ninapotafuta tasi kandokando ya nyasi, tofauti ipo, lakini kelele kubwa kuliko zote pale ni ya kasia kugonga ubavu wa chombo na ya ndoo kuburuzwa sakafuni, si ya mashine. Na kwenye vijito vya mikoko anayetawala ni pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo: propela inajisokota na mizizi na mifuko ya plastiki, pondo linasukuma tope bila kulalamika.

Ukimya ninaoupenda ni wa masikio yangu. Nasikia upepo unapogeuka. Nasikia boti ya Zanzibar kabla sijaiona, nageuza omo kupokea wimbi lake. Mwenye mashine ya petroli husikia petroli tu.

Ukimya una ubaya wake pia: na wewe husikiki. Usiutumie kukatiza mlango wa bandari kati ya Magogoni na Kigamboni, ambako pantoni zinapishana na meli zinaingia. Huko si pa kuvua hata kwa kasia. Na usiutumie kujipenyeza Bongoyo, Mbudya, Pangavini au Fungu Yasini. Hayo ni maeneo tengefu, uvuvi hauruhusiwi, na kutosikika hakukupi ruhusa. Leseni ni ile ile pia: ya mvuvi na ya chombo, kwa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, uwe na mashine au kafi. Pita kwa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe wako, kabla ya kuingiza chombo majini, watakueleza utaratibu, na watakujua siku utakapochelewa kurudi.

Nani achukue nini

Anayeishi kwa bahari, anayetakiwa kuwahi mnada wa Feri na samaki wa kutosha watu watatu, hii feni si yake. Uvuvi wake uko mbali, kwenye nguru na jodari, na ama ana tanga kubwa ama ana petroli. Nisingependa mtu auze nyavu zake anunue betri kwa sababu ya maneno yangu.

Mwenye ngalawa na mwenza mzuri abaki na ngalawa. Nasema hivi nikiwa nimeipenda mashine yangu.

Anayeanza kabisa, hajawahi kushika chombo, aanze na kasia na kafi kwa kusi nzima na kaskazi nzima. Atajifunza mahali mkondo unapobana, mahali fungu linapotokeza maji yakipwa, na jinsi ya kurudi nyumbani kwa mikono. Feni inayokuja juu ya maarifa hayo ni msaada. Inayokuja kabla yake ni kile kilichonipeleka Ununio.

Mtu kama mimi, wa Jumamosi, peke yake, kilomita chache kutoka ufukweni, mwenye kidau cha tezi bapa na mahali pa kuchajia, anunue. Aanze na betri bora na mashine ya wastani, si kinyume chake. Na kama ana zaidi ya miaka 50, au bega moja bovu, hata asinisikilize sana kuhusu gharama. Niliyemshuhudia akirudi baharini baada ya miaka mingi ya kukaa barazani alirudi kwa sababu hii tu, na furaha ile sikuipigia hesabu ya ampea.

Mjomba mwenyewe ana miaka 67. Mwezi wa tatu mwaka huu, siku ya shwari, kijana wake alikuwa na homa na yeye alikuwa ametoka peke yake. Nilimkuta nje akipiga kafi taratibu, tanga limelala. Sikusema kitu. Nilimrushia kamba, akaifunga omoni bila kunitazama, tukarudi hivyo hivyo, feni ikivuta ngalawa ya mwembe kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tulipofika maji ya magoti akashuka, akaizunguka mashine yangu, akaigusa mpini, akauliza bao la pembeni fundi analitengeneza kwa siku ngapi.

Nilimwambia siku mbili. Fundi alikuja na futi yake Jumanne. Mjomba hakukataa kupimwa. Alichokataa ni tundu hata moja kwenye mbao za tezi yake, kwa hiyo sasa tunatafuta namna ya kulifunga kwa kamba.